Kozi ya wiki sita na ofisi ya kupima akili za watoto

Swali: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi wilayani Masasi, nina stashahada ya ualimu. Nimeona tangazo la kozi ya mtandaoni ya wiki sita inayotoa cheti cha saikolojia ya elimu pamoja na karatasi za kupima akili za watoto. Nikiimaliza, naweza kufungua ofisi ya kuwapima wanafunzi, au ni lazima nirudi chuo kikuu?

Jibu: Rudi chuo kikuu, mwalimu. Shahada ya ualimu katika saikolojia hutolewa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Dodoma. Kama familia haikuruhusu kuondoka kusini, anza na shahada ya elimu Stella Maris pale Mtwara, au kupitia kituo cha Chuo Kikuu Huria, kisha uichukue saikolojia katika shahada ya umahiri; ila kabla ya kulipa ada popote, hakikisha programu inatambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu. Huko England, ambako jina la mwanasaikolojia wa elimu linalindwa kisheria, wanaoanza leo husomea udaktari wa miaka mitatu baada ya shahada ya saikolojia. Linganisha na wiki zako sita.

Linalonisumbua zaidi, hata hivyo, si cheti bali hizo karatasi, kwa sababu walimu na wazazi wengi wanaamini kuwa kazi yetu wanasaikolojia wa elimu ni kumpa mtoto jaribio, kujumlisha alama na kutamka kiasi cha akili alichojaliwa. Mwanasaikolojia Mfaransa Alfred Binet na mwenzake Simon walipotunga jaribio lao mjini Paris mwaka 1905, walitaka kuwatambua watoto wanaohitaji kufundishwa kwa namna ya pekee, na Binet mwenyewe aliwapinga waliodai kuwa akili ni kiasi kisichoongezeka. Alama ya mtoto haina maana yoyote mpaka ilinganishwe na alama za watoto wa umri wake waliokulia katika lugha na mazingira yanayofanana na yake. Jaribio lililosanifiwa kwa watoto wa Marekani, likatafsiriwa usiku mmoja na kupewa mtoto wa Kitangari mkoani Mtwara aliyeingia darasa la kwanza akizungumza Kimakonde, litapima umbali kati ya Kitangari na Marekani, wala halitagusa akili yake.

Mwanasaikolojia aliyefunzwa huanza kwingine kabisa. Huuliza kama mtoto amepimwa masikio na macho, jambo linaloweza kufanyika katika hospitali ya Ndanda au ya Ligula. Hukagua daftari la mahudhurio aone kama alitoweka msimu wa korosho. Huketi nyuma ya darasa na kutazama jinsi anavyofundishwa. Huzungumza na mama au bibi anayemlea. Jaribio, likihitajika, huja mwishoni, na matokeo yake husomwa pamoja na hayo yote. Ujuzi huo hupatikana kwa kufanya kazi chini ya msimamizi anayekusahihisha, na hakuna video inayoweza kuushika mkono wako.

Sasa wapo hata wanaotoza fedha kutambua vipaji kwa alama za vidole. Mistari hiyo hukamilika mtoto akiwa tumboni, na hakuna ushahidi wa kisayansi kwamba inaonyesha kama atafaa kwa hesabu au muziki. Huo ni upigaji ramli uliofungwa kwenye kompyuta, tofauti ni risiti tu. Hasara humwangukia mtoto: akishaandikwa kuwa ana uwezo mdogo, mwalimu huacha kumuuliza maswali, na mzazi huona heri abaki shambani.

Kwa hiyo mkuu wa shule au mzazi anayeletewa huduma ya namna hii amuulize mpimaji alisomea chuo gani, nani alimsimamia katika mafunzo kwa vitendo, jaribio lake lilisanifiwa kwa watoto wa wapi, na baada ya matokeo mtoto atasaidiwaje darasani. Akianza na bei, aonyeshwe mlango.