Maswali na majibu: Walipokatazwa kununua watumwa, wakakodi

Uingereza ilifuta utumwa mwaka 1834. Makampuni ya London yalibakije na watumwa huko Brazil?

Sheria ile ilihusu makoloni ya Uingereza, na Brazil haikuwa koloni lake. Mwaka 1843 Bunge la London lilikataza raia wake kununua au kuuza mtumwa popote duniani, kuanzia tarehe 1 Novemba. Lakini aliyekuwa nao tayari aliruhusiwa kubaki nao, na kukodi hakukukatazwa. Hapo ndipo wanasheria wa makampuni walipopitia.

Kuna kampuni iliyofanya hivyo kwa ushahidi?

Ipo. St John d'El Rey, kampuni ya London, ilichimba dhahabu Morro Velho, katika jimbo la Minas Gerais, Brazil. Mwaka 1845 ilikodi watu 385 waliokuwa wa mgodi wa Cata Branca, uliokuwa umeporomoka. Mkataba ulikuwa wa miaka 14, na ulitamka kwamba muda ukiisha wawe huru. Mwaka 1859 ukafika, ukapita, wakaendelea kutumikishwa.

Wageni waliofika Morro Velho walionyeshwa gwaride la Jumapili: watumwa wamevaa sare, wamesimama kwa mistari, wenye mwenendo mzuri wana alama nguoni za kuwasogeza kwenye uhuru. Hapa ndipo dhuluma inapouma zaidi. Uhuru wa watu wa Cata Branca ulikuwa umeshaandikwa na kutiwa saini. Hawakudaiwa mwenendo wala alama yoyote.

Mwaka 1879 mbunge wa Brazil, Joaquim Nabuco, alilifikisha suala hilo bungeni Rio de Janeiro, na mahakama hatimaye ikawapa uhuru waliosalia. Wengi walikuwa wameshakufa.

Na huku Zanzibar?

Mwaka 1860 balozi mdogo wa Uingereza, Rigby, aliwalazimisha Wahindi waliohesabiwa raia wa Uingereza kuwaachia watumwa wao, maelfu ya watu. Mtaji haukuguswa: wafanyabiashara waliendelea kukopesha bidhaa kwa misafara ya bara.

Nikipata mkataba wa zamani, nikague nini?

Kwanza tarehe: ni kabla au baada ya Novemba 1843? Pili, nani mmiliki na nani aliyekodi. Tatu, muda, na kama kuna kipengele cha uhuru. Kisha tafuta orodha ya majina ya miaka iliyofuata baada ya muda kwisha, uilinganishe na ya mwanzo jina kwa jina. Usitegemee kukuta neno "watumwa" kwenye hesabu za kampuni. Malipo ya kuwakodi huweza kuingizwa chini ya gharama za kazi.