Silver hakunyongwa

Mwanangu Adhiambo,

Ujumbe wako umefika. Unauliza kama ni sawa kumsomea mjukuu wangu Treasure Island, kile ambacho sisi tulikijua kama Kisiwa Chenye Hazina, ilhali mwovu wake, haramia Silver, ndiye anayependeza kuliko wote, na mwishowe anatoroka na mfuko wa pesa bila kuguswa. Unahofia mtoto ataona kwamba uovu unalipa.

Msomee, na usimrukishe kitu.

Mwandishi wake, Stevenson, alikianza mwaka 1881 kule Scotland kwa ramani ya kisiwa aliyochora na mtoto wa mkewe, kikatoka kama kitabu mwaka 1883. Hakikuanza kama mahubiri, na mimi nakipendea hilo.

Ukifika kwenye pipa la matufaha, punguza mwendo. Jim, mvulana anayesimulia kisa, ameingia pipani kule melini kutafuta tunda, usingizi unamnyemelea, mara mtu mzito anaketi na kuliegemea pipa hadi linatikisika. Ni Silver, mpishi wa meli mwenye mguu mmoja, ambaye Jim anampenda. Anamnong'oneza baharia kijana: wewe ni mdogo, lakini una akili. Ni maneno yale yale aliyomwambia Jim! Kijana analainika, anakubali kuwa haramia. Kwa maneno machache tu Jim ameshaelewa kwamba maisha ya watu waaminifu wote melini yanamtegemea yeye. Lakini kinachomchoma ni kusikia sifa zake zikigawiwa mwingine. Anasema angeweza angemuua mzee yule papo hapo, kupitia pipa.

Watu wa aina hiyo mtoto wako atakutana nao. Hapa Kisumu unawajua: kijana nadhifu anakuja kwenye chama cha akina mama, kila mmoja anamwita mama yangu, wagonjwa anawaulizia kwa majina, kisha siku moja simu yake imezimwa na pesa za chama hazipo. Angekuja na sura ya mwizi, nani angemkaribisha chai? Kitabu kinachomchora mwovu amekunja uso tangu ukurasa wa kwanza ndicho kinachomdanganya mtoto.

Kuhusu uovu kulipa, mwulize mjukuu wangu yule kijana aliyesifiwa, Dick, aliishia wapi. Maharamia walipiga kambi penye kinamasi, mahali ambapo Daktari Livesey, wa upande wa Jim, alikuwa ameshanusa homa mapema. Sisi wa kando ya ziwa hatuhitaji kuelezwa zaidi. Dick akashikwa na homa, na meli ilipong'oa nanga aliachwa kisiwani na wenzake wawili, huku Silver aliyemtia katika balaa hilo akiwa ndani ya meli. Naona jambo hilo linauma kuliko kitanzi, na mtoto atalielewa bila wewe kulifafanua.

Kuna na lile la ahadi. Jim ametekwa, amemwahidi Silver kwamba hatatoroka. Daktari anakuja kuwatibu maadui zake waliougua (mtu huyu nampenda mno, anawapa dawa huku akiwagombeza), na akibaki pembeni na Jim anamsihi aruke uzio wakimbie. Jim anakataa, kwa sababu neno lake limeshatoka. Mama yako anasema huo ni upumbavu mtupu, ahadi kwa mwizi haimfungi mtu, na tumebishana hivyo hadi chai ikapoa. Mimi niko upande wa Jim. Mwache mtoto achague upande wake, usimsaidie.

Na akikuuliza kwa nini Silver hakukamatwa, mwambie ukweli: alitoroka bandarini kwa kusaidiwa, na Jim anakiri kwamba wote walifurahi kuachana naye kwa bei nafuu kiasi kile. Wazee wale walikuwa wamechoka naye. Jim mwenyewe alipata fungu lake la hazina, lakini anasema hata akivutwa na ng'ombe kwa kamba harudi kisiwani.

Jambo moja tu nakuomba. Pale haramia Israel Hands anapomfuata Jim juu ya mlingoti na kisu meno yamekiuma, soma mchana. Kaka yako alisomewa usiku, akahamia kitandani kwetu na kumtoa ikawa kazi.

Msalimie mume wako. Omena nitamtuma nazo binamu yako akija Nakuru.

Baba yako