Jibu: Kukataa tendo la ndoa ni kosa mbele ya mahakama?

Dada, umeuliza kama mahakama inaweza kumbebesha mke lawama za talaka kwa sababu tu alikataa tendo la ndoa. Ufaransa ilitokea hivyo hivyo. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ya Versailles ilitoa talaka na kusema kosa lote ni la mke. Mwaka uliofuata mahakama ya juu ikaikataa rufaa ya mke huyo. Mama huyo wa watoto 4 ndiye aliyekuwa ameomba talaka, kwa hiyo hakupinga kuachana. Kilichomuuma ni kuandikwa mkosaji kwa jambo la mwili wake mwenyewe.

Akaenda hadi Strasbourg. Tarehe 23 Januari 2025 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ikampa ushindi: Ufaransa ilikuwa imekiuka Kifungu cha 8 cha Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu, kinacholinda maisha binafsi. Majaji walieleza kwamba kukubali kuolewa si kukubali kila tendo litakalofuata. Nakubaliana nao kwa moyo wote. Ridhaa inayotolewa mara moja, isiyoweza kurudishwa, mimi siiiti ridhaa.

Mume naye hakuachwa bila njia. Angeweza kuomba talaka kwa hoja kwamba ndoa imekwisha kuvunjika, pasipo kumtafuta mkosaji.

Hukumu hiyo haizifungi nchi zisizo kwenye mkataba huo. Kwa hiyo muulize wakili wako swali hili kwanza: sheria yenu inadai mkosaji, au inatosha ndoa kuvunjika?