Waulize Mafundi wa Shamba: Rola ya Kujitengenezea

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaishi Kentucky, Marekani, ambako mimi na shemeji yangu tulinunua eka kumi na mbili, nusu yake ikiwa msitu. Huku ni kawaida kwa mwenye ardhi kupanda kipande kidogo cha klova (mmea mfupi wa malisho wa jamii ya kunde), tanipu au ngano ili kuwavutia wanyama wa kuwindwa, yaani kulungu wa mkia mweupe na bata mzinga wa porini. Mwaka jana tulilima nusu eka, tukasia klova kwa mkono, tukaenda zetu. Iliota kwa mabaka, na kwingine haikuota kabisa, isipokuwa kwenye njia za matairi ya pikipiki yetu ya magurudumu manne, ambako ilistawi kana kwamba imepandwa kwa mstari. Jirani anasema tulikosa rola, yaani silinda nzito ya kuvutwa juu ya udongo ili kuushindilia, lakini bei ya rola za dukani imetushinda. Tunalo pipa la lita 200 lililokuwa la mafuta, na shemeji anajua kuchomelea. Je, tulijaze maji au zege? Na rola iwe na uzito gani?

JIBU: Ndugu msomaji, sehemu kubwa ya jibu umeitoa mwenyewe ulipotaja njia za matairi. Mbegu ya klova nyeupe ni ndogo mno, kiasi kwamba kilo moja ina mbegu zaidi ya milioni moja na nusu, na mbegu ya namna hiyo haina akiba ya chakula ya kuiwezesha kuchipua ikiwa kina kirefu, wala haiwezi kunyonya unyevu ikiwa imelala juu ya bonge la udongo huku pembeni yake pakiwa na uwazi unaopitisha upepo. Pale tairi lilipopita, udongo ulishindiliwa ukaikumbatia mbegu pande zote, na maji ya chini yakapata njia ya kupanda hadi kwenye mizizi. Kazi ya rola ni hiyo tu. Wengi hudhani kwamba rola ni chombo cha kulainisha shamba lipendeze macho, kisha wakatafuta uzito mkubwa kadiri trekta linavyoweza kuvuta, na hapo ndipo huanza kuharibu.

Kabla ya yote, hilo pipa la mafuta lisiguswe na moto. Pipa lililowahi kubeba petroli, dizeli au kiyeyushi cha rangi hubaki na mvuke hata likiwa kavu kwa macho, na cheche moja ya kuchomelea au ya msumeno wa kukatia chuma inaweza kulilipua usoni mwa fundi. Kulisuuza kwa maji hakutoshi. Ikiwa mmeng'ang'ania pipa, tafuteni lililobeba chakula, kama vile sharubati au mafuta ya kupikia, na hata hilo lioshwe vizuri, mifuniko yake ikiwa wazi.

Sasa tuje kwenye maji na zege. Pipa la lita 200 likijazwa maji huwa na uzito wa kilo 200 na ushei, na faida yake ni kwamba ukimaliza kazi unayamwaga, ukabaki na chombo ambacho watu wawili wanaweza kukiinua. Hasara zake ni tatu. Mahali inapoingilia ekseli, yaani chuma cha katikati ambacho rola huzungukia, huvuja, hata fundi awe hodari namna gani. Likijazwa nusu, maji huyumba na kuvuta chombo upande mmo­ja kwenye mteremko. Na huko kwenu, maji yakisahauliwa ndani hadi baridi kali iingie, yataganda, yatatanuka na kupasua mishono ya pipa. Pipa hilo hilo likijazwa zege linakaribia nusu tani. Uzito huo pikipiki ya magurudumu manne haiwezi kuusimamisha kwa usalama, hata kama ina nguvu za kuuvuta.

Ushauri wangu ni kwamba mwachane na pipa. Nunueni kipande cha bomba la plastiki lenye mikunjo, lile linalotumika kutengenezea karavati chini ya barabara za mashambani, lenye kipenyo cha inchi 12 na urefu wa futi 4. Likijazwa zege huwa na uzito wa kilo 210 hivi, nao unatosha kwa udongo uliolimwa vizuri. Mifuko sita ya zege kavu ya ratili 80 inatosha na kusaza kidogo. Mikunjo ya bomba ndiyo siri ya chombo hiki, kwa sababu huacha vifereji vidogo juu ya udongo, na mbegu nyingi huangukia humo, ambamo umande na mvua hukusanyika. Rola za kiwandani zenye magurudumu ya chuma yaliyopangwa bega kwa bega hufanya kazi kwa namna hiyo hiyo. Zile ziitwazo Cambridge hazikupewa jina la mji wala la chuo kikuu, bali la fundi Mwingereza, William Cambridge, aliyesajili hataza yake mwaka 1844.

Kwenye ekseli ndipo penye kazi. Rola yangu ya kwanza niliitengeneza nilipokuwa kibarua kwenye shamba la mifugo huko Missouri, na kwa haraka ya kutaka kumaliza kabla ya mvua nilikadiria katikati kwa macho. Ekseli ilikaa pembeni kwa kiasi kisichofika upana wa kidole. Zege lilipokauka tukaifunga na kuivuta, rola ikawa inachechemea kama punda mwenye kwato mbovu: kila mzunguko inainuka, inadunda, inaacha shimo hapa na udongo uliolegea pale. Zege likishakauka hakuna marekebisho. Tuliiacha nyuma ya zizi, na bila shaka iko huko hadi leo.

Basi fanyeni hivi. Kateni mbao mbili za plaiwudi za duara zinazoingia barabara ndani ya bomba, na mtoboe katikati ya kila moja tundu lililopimwa kwa rula na kuhakikiwa mara mbili. Ekseli iwe nondo nzima ya chuma isiyopungua unene wa inchi moja na robo, yenye urefu wa futi 5, ili ibaki inchi 6 kila upande. Kabla ya kuiingiza, shemeji aichomelee vipande vinne au vitano vya nondo nyembamba, vikikaa kama miiba inayotazama pande tofauti. Bila miiba hiyo, ekseli itakuja kuachana na zege siku moja na kuzunguka peke yake ndani kama mchi kwenye kinu. Simamisheni bomba wima juu ya sakafu iliyo sawa, ubao wa chini ukiwa mahali pake na umeinuliwa juu ya matofali ili ncha ya ekseli ipenye, kisha hakikisheni kwa pimamaji kwamba bomba na ekseli vyote vimesimama sawa. Mimineni zege kidogo kidogo, mkilichomachoma kwa fito ili hewa itoke, na mfunike kwa ule ubao wa pili unaoishika ekseli juu. Lifunikeni kwa gunia lenye maji kwa wiki nzima. Zege hupata sehemu kubwa ya nguvu zake baada ya siku 28, na kwa kuwa klova hupandwa kwa msimu, sioni haraka ya kulivuta kabla ya hapo.

Fremu ni kazi nyepesi: chuma cha pembe kilichounganishwa kwa umbo la mstatili, beringi mbili zenye makazi yake zilizofungwa kwa bolti pande zote mbili, na mkono wa kuvutia wenye umbo la herufi A, mrefu kiasi kwamba mkikata kona rola haigusi matairi ya nyuma. Mkono huo uwe wa chuma. Msivute rola kwa mnyororo wala kamba, kwa sababu haina breki, na mkishuka mteremko itawafuata na kuwagonga kwa nyuma. Mteremko mkali msiuguse kabisa. Ule wa wastani pigeni rola kwa kuukata kando, kwani vile vifereji hufuata mwelekeo wa safari, na vikitazama bonde vitakuwa mifereji ya kushusha mbegu zenu zote hadi chini.

Matumizi yenyewe yana utaratibu ambao watu huuvunja. Baada ya haro, yaani chombo cha meno cha kulainisha udongo uliolimwa, rola hupita mara ya kwanza kabla ya mbegu, ili mabonge yavunjike na udongo utulie. Hapo tembeeni juu yake: kiatu kikididimia zaidi ya sentimita moja hivi, udongo bado umelegea, rudieni. Ndipo msie mbegu, kilo 1.8 kwa nusu eka ikiwa ni klova nyeupe peke yake, na rola ipite tena. Mkifukia kwa haro baada ya kusia mtakuwa mmeizika, maana klova haitaki kina kinachozidi milimita 6. Ngano na mbegu nyingine kubwa ni tofauti: hizo hufukiwa kwanza sentimita 2 au 3 kwa haro nyepesi, kisha zikashindiliwa. Pimeni pia udongo kabla ya kununua mbegu, kwa kuwa klova haistawi kwenye udongo wenye asidi kali, na chokaa hufanya kazi polepole. Kabla ya kuwinda juu ya shamba hilo, someni kanuni za jimbo lenu, ambazo mara nyingi hutofautisha mmea uliopandwa na chambo kilichomwagwa chini.

Na ikiwa msimu huu rola haitakuwa tayari, kuna njia isiyohitaji chombo chochote. Mwezi Februari au mapema Machi, wakati ardhi inaganda usiku na kuyeyuka mchana, tawanyeni klova juu ya udongo ulio wazi asubuhi kukiwa bado na ukakasi wa barafu. Ardhi hupasuka na kujifunga tena siku baada ya siku, nayo huimeza mbegu yenyewe kwa kina kinachofaa. Ngano msijaribu kuipanda hivyo.

SWALI: Nimeshatengeneza rola ya pipa, lakini kila nikiivuta inabeba udongo pamoja na mbegu, na baada ya mvua juu ya shamba pamekuwa pagumu kama sakafu. Nimekosea wapi? — Msomaji wa Pennsylvania

JIBU: Umekosea siku, na kwa kiasi fulani umekosea chombo. Udongo wa mfinyanzi ukiwa na maji hung'ang'ania chochote laini kinachopita juu yake. Chukua udongo kwenye kiganja, ufinye, kisha ugonge kwa kidole gumba: ukisambaratika, ingia kazini, ukibaki donge linalong'aa, rudi nyumbani ukangoje siku moja au mbili. Kipangusio cha bapa la chuma kilichofungwa kwenye fremu, karibu na pipa lakini bila kuligusa, husaidia kuondoa kidogo kinachonata, ila hakiponyi udongo uliolowa. Ule ugumu wa juu ni gamba linaloachwa na mvua kwenye udongo uliolainishwa kupita kiasi, na pipa lisilo na mikunjo hulikaribisha. Miche ikiwa bado chini, azima rola yenye mikunjo uipitishe mara moja juu ya gamba lililokauka nusu ili lipasuke. Ikiwa umekosa, vuta tawi la mti lenye vijiti vingi, polepole.

SWALI: Sisi tuko Kajiado. Tunataka kurudisha nyasi kwenye ardhi iliyobaki tupu, kwa ng'ombe na hata kwa swala wanaopita. Je, gogo la mti linaweza kutumika kama rola?

JIBU: Gogo lenye vyuma vya ekseli vilivyopigiliwa katikati ya ncha zake linaweza kuvutwa na maksai au punda wawili na likafanya kazi nzuri, mradi lizunguke. Likiburutwa, litazisukuma mbegu zote hadi mwisho wa shamba. Lakini kwa ardhi uliyoieleza singeanza na rola. Udongo mtupu uliokanyagwa na mifugo kwa miaka mingi umeshashindiliwa tayari, na tatizo lake ni maji ya mvua kutiririka bila kuzama. Kuukandamiza zaidi ni kuongeza mtiririko.

Pasueni kwanza mitaro mifupi kwa plau ya maksai, ikikata mteremko, kabla ya mvua kuanza. Sieni ndani ya mitaro mbegu za nyasi za kwetu, kama vile Cenchrus ciliaris, Eragrostis superba na Enteropogon macrostachyus, ambazo kituo cha KALRO, shirika la Kenya la utafiti wa kilimo na mifugo, huko Kiboko kimezifanyia kazi kwa muda mrefu katika nyanda kavu. Mbegu hizo ni nyepesi na baadhi zina manyoya, kwa hiyo upepo huzichukua; zichanganyeni na mchanga au samadi kavu, zifukieni kwa udongo mwembamba kwa kuburuta tawi la mgunga juu yake, na mzikanyage kwa miguu au mpitishe kondoo mara moja. Fedha ambazo zingekwenda kwenye saruji ziwekeni kwenye boma la miiba la kuzuia mifugo, na lisifunguliwe hadi nyasi zikomae na kudondosha mbegu zake za kwanza.