Barua kwa mwanangu: redio ya gari kwenye Ngomo

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kama utunzi wako utumie mikwaruzo ya redio iliyotengenezwa kwa kompyuta, au ile ya kweli inayorekodiwa ndani ya gari. Kabla ya kuchagua vyombo, kumbuka kwanza jinsi sikio lako lilivyofunguka.

Tulikuwa tunateremka Ngomo, ile barabara ya milimani mashariki mwa Kongo, kwenda Kamanyola, wewe ukiwa nyuma katikati ya mifuko, na kwaya ikiimba kutoka Bukavu. Mawimbi ya FM hudhoofika yakikingwa na mlima, na stesheni mbili zikikutana kwenye masafa yale yale, redio hushika iliyo na nguvu na kuimeza nyingine. Ndiyo maana kila kona ilituletea jambo lake: kwaya, kisha mtangazaji wa Kirundi, kisha kwaya tena, zikipokezana hata katikati ya neno. Mama yako hakunyamaza. Kila redio ilipobaki na mvumo mtupu, alishika sauti yake ya alto, na kwaya iliporudi, ikamkuta kwenye neno lile lile. Ulipiga makofi mpaka mjomba wako akapunguza mwendo! Furaha ile sijaipata katika tamasha lolote, na mpaka leo inaniuma kwamba hatukuirekodi.

Kwa hiyo narudia ninalokuambia siku zote: usiguse kitufe, iache barabara itunge. Najua utanijibu kwa mtunzi Mmarekani John Cage, ambaye mwaka 1951 huko New York aliwapa watu 24 redio 12, wawili kwa kila moja, mmoja akizungusha masafa na mwenzake akiongoza sauti. Ni kweli, wote waligusa vitufe. Lakini waligusa kwa kufuata nota zilizopangwa kwa kurusha sarafu, na hakuna aliyejua stesheni zingeleta nini usiku ule. Basi huenda ninachokikataa si mkono, bali mkono unaotafuta wimbo unaoupenda. Kompyuta nayo hukupa mkwaruzo pale unapoutaka, na hilo ndilo linalonitia shaka, ingawa sikio lako limesoma kuliko langu.

Sitakuamulia, japo ulimi unaniwasha. Ila ukienda kurekodi, funga madirisha, weka kinasa sauti karibu na spika ya mlango, na uanzie Nyangezi, kabla ya zile kona.

Papa yako