Ukifundisha vimeng'enya vinavyokata DNA, weka mkasi kando

Wenzangu mnaofundisha Baiolojia kidato cha tano na sita, nawaomba tuache kuviita vimeng'enya hivi "mikasi". Picha hiyo ilinipotezea wiki nzima maabara nilipokuwa chuo.

Nilikuwa nakata DNA kwa EcoRV, kimojawapo cha vimeng'enya hivi, na haikatiki. Kwa kuwa kichwani nina mkasi, nikaongeza kimeng'enya. Mikasi ikiwa mingi si itakata tu? Wapi! Fundi wa maabara akaniuliza DNA nimeiyeyusha kwenye nini. Kumbe kwenye maji yenye EDTA nyingi, kemikali inayonyakua magnesiamu, na bila magnesiamu EcoRV hushika tu, hakikati. Nikaongeza magnesiamu, lakini kimeng'enya cha ziada nikakiacha humo humo. Jeli, inayotenganisha vipande vya DNA kwa urefu, ikatoka na mistari nisiyoitarajia. Kimeng'enya huhifadhiwa kwenye gliseroli ya asilimia 50. Gliseroli ikizidi kwenye mchanganyiko, kinalegeza masharti na kukata hata sehemu za DNA zinazokaribia tu kufanana na ile kinayopaswa kukata. Tangu siku hiyo sikizidishi sehemu moja ya kumi ya mchanganyiko.

Masharti yenyewe ni yapi? Hilo nililielewa vizuri hapa Kigoma, mwaloni Kibirizi, nikimtazama mzee mmoja akiunga kamba ya mtumbwi. Hakuanza na kisu. Aliikunja kwanza, misokoto ikaachana, ndipo akapenyeza ncha.

"Ikinyooka imejifunga, mwalimu," akaniambia. "Ikunje, itafunguka yenyewe."

EcoRV hufanya hivyo hivyo. Ni protini mbili pacha zinazoikumbatia DNA na kuteleza juu yake zikitafuta mfuatano wa herufi GATATC. Zikiipata, zinaikunja kwa takriban digrii 50, na pale katikati T inapofuatana na A, besi (ndizo herufi hizo) zilizokuwa zimelaliana zinaachana. Mkunjo huo ndio unaousogeza uti wa DNA mahali magnesiamu inapofanyia kazi, na nyuzi zote mbili zinakatwa hapo katikati. Picha za fuwele za kimeng'enya kikiwa kimeshika DNA, zilizochapishwa mwaka 1993, zilionyesha kwamba DNA yenye herufi nyingine hushikwa pia, ila haikunjwi namna hiyo. Kwa hiyo kukunja ni sehemu ya kukagua.

Darasani sokoteni kamba mbili, nyekundu na nyeupe, na kila mwanafunzi aikunje kwa vidole vyake mpaka aone mwanga ukipita katikati. Kisu kije baadaye.