Jibu: Kahawa ya arabika kuchanua mara tatu
Ndugu, umeuliza kwa nini kahawa yako ya arabika kule Sironko, Uganda, imechanua mara tatu na matunda hayaivi pamoja. Matumba ya maua hulala wakati wa kiangazi. Mvua ya milimita 10 hivi huyaamsha, na baada ya siku 7 hadi 10 yanafunguka. Sasa mvua zinakuja kwa vipande, kila kipande kinaamsha matumba yake.

Kinachonitia hofu zaidi ni mdudu mtoboa tunda: kwa kuwa matunda hayaivi pamoja, anapata chakula muda wote, na joto linamzidishia vizazi. Kagua kitovu cha tunda, yaani ncha iliyo mkabala na kikonyo. Ukiona kitundu kama cha sindano, lichume. Vuna kila wiki mbili, okota yaliyoanguka, yaliyotobolewa yachemshe dakika 5. Na migomba ya kivuli usiikate, tafadhali; kivuli chake hupunguza joto hilo.